Mbawakawa wa Jera

Jumanne, 14 Oktoba 1856

Jera Lovšin amekuja tena, matope hadi magotini. Ni mjane anayetega panya wa mitini huko msituni. Nyama anakula, ngozi anashona kofia. Leo hakuleta kofia. Alifungua kijisanduku, na ndani yake, juu ya kuvumwani mbichi iliyobanduliwa jiweni, kulikuwa na mbawakawa mwekundu kama kaharabu, miguu mirefu, macho hana. Hata alama ya macho! Alimkuta jana ndani ya mtego wake, mdomoni mwa pango.

Daktari Kobal, mtaalamu wa wadudu ambaye mimi ni karani wake, alikipeleka kijisanduku dirishani. Akaahidi mbele yangu kwamba mdudu ataitwa kwa jina la Jera. Jera akauliza kama hakukuwa na mdudu mwenye sura nzuri zaidi wa kumpa mwanamke. Lakini mlangoni alinishika mkono, akataka nihakikishe jina nimeliandika vizuri.

Nimeliandika: mahali, tarehe, Jera Lovšin. Herufi ndogo kama mayai ya chawa. Sijawahi kuandika lebo nzuri kama hii.

Alhamisi, 23 Oktoba

Barua kutoka mji wa Graz. Profesa Reindl naye amempata mbawakawa kama huyu, katika pango lingine, mwezi Septemba. Anadai yeye ndiye wa kwanza. Daktari hakugusa supu yake ya shayiri.

Ijumaa, 24 Oktoba

Daktari ameniamuru niandike lebo nyingine. Tarehe: 6 Agosti. Aliyemkamata: Daktari Kobal mwenyewe. Na jina la mdudu limehamia kwa Bwana Lichtenau, kabaila mwenye sauti juu ya nani atasimamia jumba la makumbusho, cheo anachokitamani Daktari. Lebo ya kwanza niichome.

Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu Jera.

“Jera atalifanyia nini jina, kijana? Atalipika?”

Nimeandika. Mkono wangu huuhuu. Agosti! Agosti nzima Daktari alikuwa kitandani na jongo, mguu juu ya mito mitatu, analia shuka likimgusa. Barua zake zote niliziandika mimi, nimekaa kando ya mguu huo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimeiona barua moja katika daftari la nakala za barua zake. Tarehe 9 Agosti, kwa Profesa Reindl yuleyule: “Hii ni wiki ya tatu sijavuka kizingiti cha chumba changu.” Barua yenyewe iko Graz!

Nikamwonyesha Daktari, nikidhani ataogopa. Alisoma, akavua miwani, akasema ukurasa huo niukate kwa kisu. Nikauliza: na ile ya Graz je?

“Wakiuliza, karani alikosea tarehe. Makarani hukosea.”

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Miaka miwili sijakosea tarehe hata moja! Hata ile siku nilipokuwa na homa. Nani atamwajiri karani asiyejua Agosti na Oktoba? Yeye atabaki Daktari. Jina litakalochafuka ni langu.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijaukata.

Jumatatu, 3 Novemba

Saa tano asubuhi. Profesa Reindl ametaka apelekewe mdudu mwenyewe, pamoja na lebo yake. Gari la posta linaondoka saa sita.

Na Jera amekuja! Amevaa nguo za sikukuu, ameleta majirani wawili na peasi zilizokaushwa. Anataka kumuaga mbawakawa wake, aone jina lake kwa kioo cha kukuzia, na mtu amsomee kwa sauti, wenzake wasikie. Wanamtania kwamba walau huyu mdudu hatamkimbia, kwa kuwa hamwoni.

Daktari alinivuta ukumbini. “Msomee jina lake. Hajui kusoma huyo. Kuna dhambi gani?”

Yaani nimdanganye usoni, karatasi ikiwa mkononi mwake! Nilisema nakwenda kuchukua kioo. Niko chumba cha juu, naandika nimesimama. Mbawakawa yuko mbele yangu, na chini yake ile lebo ya uongo.

Lebo ya kwanza sikuichoma. Ilikuwa humuhumu, katikati ya kurasa hizi.

Jera anaita kutoka chini. “Mwanangu, kioo kimekupotea?”

Nimechomoa pini inayomshika mdudu na lebo, niirudishe ile ya kwanza. Naenda polepole: miguu ya mdudu huyu ni myembamba kama unywele. Ngazi zinalia. Anapanda — mguu mmoja mwepesi, mmoja mzito kwa jongo