Uliwaambia Wanifiche

Mjomba,

Leo sikupi shikamoo. Nimekaa barazani kwako hapa Bigwa, ukungu umeufunika mlima mpaka kiunoni, na nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu aliye hai.

Kumbe ni wewe uliyewakataza wasiniambie. Nilidhani ni Mama, nikamgombeza mpaka akalia. Ndipo mkeo akasema, "Mwache mama yako. Mjomba wako mwenyewe ndiye aliyetuapisha kabla hajakata roho." Eti nina mtihani wa mwisho wa uzamivu, eti nikijua nitaacha kila kitu nipande ndege. Ndiyo, ningepanda. Ulitaka nifanye nini?

Najua, ni desturi yetu. Mtoto aliye shuleni mbali hapelekewi msiba mpaka amalize mtihani. Lakini mimi si mtoto wa bweni, Mjomba. Mvi zimeshaanza kunitoka.

Wiki uliyozikwa nilikuwa nimejifungia kwenye chumba cha giza huko Ulaya, napeleka mwanga wa leza ndani ya fuwele, jiwe angavu dogo kuliko punje ya mahindi. Chembe moja ya mwanga inaingia, zinatoka mbili, pacha, na ukiipima moja unajua habari za mwenzake. Miaka yote hiyo nilikuwa nakimbizana na swali lako. Siku ile ukitufundisha fizikia ulifunga madirisha ya darasa, ukapiga vumbi la chaki hewani, ukapishanisha tochi mbili, ukasema, "Mwanga haugusani na mwanga mwenzake. Unapita tu. Atakayeulazimisha ugusane aje anieleze." Wenzangu walikuwa wanasinzia, wanasubiri kengele. Mimi niliubeba mzigo huo mpaka ng'ambo, nikakuta kwamba ndani ya fuwele, mwanga ukiwa mkali wa kutosha, unagusana kweli, na hata rangi unabadilisha. Unaingiza usioonekana kwa macho, unatoka kijani kibichi.

Siku nilipowapata wale pacha, mtu wa kwanza niliyetaka ajue ni wewe. Nikapiga simu dukani kwa jirani yako, mkeo akaitwa, akaja anahema. "Amepanda mlimani kuangalia kabichi," akaniambia. "Nitamfikishia." Nikamwomba akwambie kwamba mwanga umegusana. Akajibu haya mwanangu, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. Nikapiga tena siku nyingine, bado uko mlimani. Nikacheka. Nikasema mzee huyu kabichi zitamuua. Unaona mlichonifanya? Nilikuwa nakutania, kumbe uko chini ya udongo.

Naambiwa watani ndio waliochekesha msibani. Mmoja alivaa miwani yako, akasimama pembeni ya kaburi akalifundisha somo la mwanga, watu wakacheka huku wanalia. Mimi sikuwepo kucheka.

Mtihani ulipokwisha nikarudi nyumbani, na niliposhuka kwenye basi hakuna aliyepiga kigelegele. Wakanipeleka kwa Mama badala ya kwako, wakanipa kiti, wakanilazimisha nile kwanza. Hapo nikajua, maana kwetu mwenye kupewa habari mbaya hushibishwa kwanza. Nikaisukuma sahani.

Ulitaka nimalize, nimemaliza. Sasa sikiliza ulichokiacha. Maabara yako ya shule imekodishwa kwa mfanyabiashara, imejaa magunia ya mchele. Stuli ziko nje zinanyeshewa. Nikamuuliza mkuu wa shule lenzi na vioo vya pembetatu viko wapi, akanitazama kana kwamba namdai mahari. Soko huria, dada, ndivyo alivyonijibu. Walimu wenzako wengi wako sokoni na marobota ya mitumba, na vijana wanamaliza shule hawajawahi kushika hata lenzi moja. Nao wamenikasirisha, lakini wao hawakunilea.

Watu wa ukoo walikuwa wananisubiri ili wamalize msiba. Kwetu jina lako analirithi mtoto wa dada, na dada yako alinizaa mimi peke yangu. Wazee wawili wakanung'unika, eti mwanamke, tena kesho kutwa anaruka kurudi Ulaya. Mama akawaambia hana mwingine wa kuwapa. Basi jana wamenikalisha kwenye kigoda chako, wamenivika shuka lako, wamenipa jina lako. Tangu jana Mama ananiita kaka. Wajukuu zako wananiita babu, wanaziba midomo wasicheke.

Kisha wakaniomba neno, maana anayerithi jina lazima aseme neno. Nikasema, kuanzia leo msiba wa nyumba hii haufichwi. Mtu awe kwenye mtihani, awe ng'ambo, ataambiwa siku hiyohiyo, na kuja au kutokuja ataamua mwenyewe. Mzee mmoja akakohoa, akasema marehemu hakuagiza hivyo.

Nikamwambia, "Marehemu ndiye anayesema."

Mkeo alijifunika khanga usoni.

Lala, Mjomba. Naenda kumalizia mkataba wangu huko, kisha narudi na leza na fuwele, na magunia yale yatatoka mle ndani hata kama nitayabeba mwenyewe mgongoni. Hilo nakuahidi. Kukusamehe sikuahidi, bado.

Mpwa wako