Risasi Mbovu Nilizichukua Mimi

Mpendwa baba mkwe,

Natangaza kwa unyenyekevu, mbele ya ukoo, usharika na serikali ya kijiji, kwamba upawa wangu wa chuma, uliopotea mwaka niliojifungua mtoto wa pili, umepatikana. Hali yake si nzuri. Mpini umeota kutu, na tumboni una utando wa risasi iliyoyeyushwa usiobanduka hata kwa kisu. Ulikuwa ndani ya sanduku lako la mbao, chini ya kalibu yako ya kumiminia risasi, juu ya daftari. Na mimi miaka yote hiyo nilimshuku jirani.

Upawa nimekusamehe. Daftari ndilo lililonikalisha chini.

Unajua tulivyoishi. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wala halitamki jina lake, na wewe hukuwa mtu wa kulegeza mila eti kwa sababu majirani wamenunua simu za kupangusa. Tumekaa uwanja mmoja miaka kumi na minne, na uso wako nimeuona vizuri siku ya jeneza. Tulizungumza kupitia mifugo. "Wewe mbuzi," ulikuwa ukipaza sauti nyuma ya migomba, "leo nayeyusha risasi, usipite huku na watoto." Nami namjibu kuku: "Mwambie mbuzi chakula tayari, na mchuzi haumsubiri mtu." Kuku yule alijua mengi ya nyumba hii. Bahati nzuri tulimla.

Kazi yako niliijua kwa masikio, na kwa kuchungulia. Betri mbovu za malori kutoka Kasumulu, moto, kalibu, kisha vidonge vya risasi vikidondoka juu ya gunia bichi. Baadaye mfuniko wa kopo la rangi unapigiliwa kwenye mgomba, na gobori linanguruma mara tatu. Unapima matundu kwa vidole. Unaguna. Unapunguza baruti, unabadilisha kitambaa, unaandika. Nguruwe pori wa shamba la Makwale hawakuwa na subira hiyo. Wewe ulifanya utafiti, wao wakala mpunga.

Halafu wiki moja matundu yakakusanyika. Matatu, na kifuniko cha soda kingeyafunika yote. Ukawaita wadogo zako. "Ni kitambaa!" nilikusikia. "Nimeivisha risasi kipande cha kanga kuukuu. Siri ni kanga."

Baba mdogo wa Talatala akacheka. "Kwa hiyo kaka, nguruwe sasa wanauawa na mwanamke?"

Baba, wiki ile ndiyo niliyoanza kukuibia. Kaka yangu anayevua Matema aliniomba vitu vizito vya kuzamishia nyavu. Nikawa napita kwenye gunia lako ukienda kuoga, nachukua zile mbaya tu: zenye makunyanzi, na zile ambazo kwa macho ni nzima lakini kiganjani ni nyepesi, kana kwamba zimemeza hewa. Nilizichambua kama mchele, maana mkono hugundua kabla ya jicho. Nzuri nilikuachia, hata wizi una adabu yake. Sikujua kwamba mbaya zile ndizo zilizokuwa zikikutawanyia shabaha.

Nimejua ulipoondoka. Wadogo zako walikaa, wakasema: mwanao akiupiga mfuniko mara tatu kama wewe, kibali kitaandikwa jina lake, gobori libaki hapa lilinde mpunga tunaoutegemea. Akikosa, linakwenda Talatala. Mume wangu akavisha risasi kanga, sawasawa na ulivyofundisha. Moja ikapiga kichuguu. Nyingine mbili hadi leo hatuna habari zake. Akapewa wiki moja.

Mimi nilijua kasoro ni risasi, kwani tangu uondoke gunia lile sikulichambua. Lakini kusema ni kukiri kwamba nilishika vitu vya baba mkwe, na hilo ni kosa la kuitiwa kikao. Ndipo nikafungua sanduku, nitafute uongo wa kunisaidia. Nikafungua daftari. Mwandiko wako, ile K inayopiga teke:

"Mkamwana anachukua mbovu. Macho yangu hayaoni tena makunyanzi. Nimwache. Wakiuliza, ni kitambaa."

Nilisoma nimesimama. Nikasoma nimekaa. Ugali ukaungua, watoto wakaniita, sikuitika. Kumbe gunia ulilisogeza upande wa jikoni kwa makusudi! Kumbe ulikuwa huogi, ulikuwa unanipisha! Ukakubali kuchekwa kwa ajili ya kanga ili mimi nisiitwe mbele ya wazee. Nilidhani mimi ni mwizi. Kumbe nilikuwa kazini, na mwenye kazi ndiye aliyekuwa akinificha. 

Jumamosi nilimwaga risasi kwenye ungo mbele yao. Nikawapa mgongo, nikachambua.

"Wewe mbuzi," akasema baba mdogo, "muulize huyo mama nani kamruhusu."

"Kuku," nikasema, "mwambie ruhusa iko kwenye daftari."

Mume wangu akawasomea.  Baba mdogo akainuka: "Lete nijaribu, tuone kama marehemu alikuwa na akili zake." Akapiga tatu kwa risasi nilizochagua. Matundu yake ungeyafunika kwa kiganja cha mtoto. Akakaa chini taratibu, akakushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, kaka." Nami nikalia huku nimewageuzia mgongo, kwa sababu nilijua gobori limebaki nyumbani.

Kisha mwanao naye akapiga. Risasi za ungo uleule, baruti ileile, kanga ileile.

Jumapili gobori limekwenda Talatala kwa bodaboda.

Lala salama, baba. Nimekuandikia ana kwa ana kwa mara ya kwanza, na sidhani mila imekataza karatasi. Ndaga fijo kwa kunificha. Nimetafuta ukurasa kwa ukurasa, na jambo moja hukuliandika popote: mwanao hufumba macho anapofyatua.

Mkamwana wako