Pampu Iliyopasuka Koekelberg

Koekelberg, tarehe 9 Machi

Kwako dada yangu Jamila,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto hapo Buyenzi, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Mimi mwili mzima. Baridi ya huku ughaibuni sikuelezi, utasema natia chumvi.

Umeniuliza kama ni kweli Hamissi ameanza pombe, na kama ana mwanamke huku. Umesema kaka za mkewe, Naïma, wanadai alipoteza kazi makusudi ili mkewe asije huku, na wanamsukuma dada yao aombe talaka. Umeniuliza mimi kwa kuwa nilifanya kazi naye. Jibu ni hapana, dada, kwa yote mawili. Sasa nivumilie.

Patron wetu, bosi wa kazi, papa Éliézer, Mkongo wa Uvira, ana mashine ya kuoshea kwa nguvu ya maji. Tunaosha nayo magari, na nyua za majumba kule Etterbeek. Wakati wa baridi, kazi ikiisha, lazima uikaushe: unafunga bomba, unatoa mpira wa maji, unabana pistolet, kile kishikio cha kurushia maji, mpaka maji yaishe, kisha unaivutisha dawa ya kuzuia barafu. Papa Éliézer alikuwa akiturudia kwamba, bon, muntu akisahau kutosha maji inje, machine itakufa, na ule muntu atarudia kwake, kazi imeisha. Ufunguo wa kibanda cha kuwekea mashine alimpa Hamissi, ambaye hajawahi kusahau hata siku moja.

Mwishoni mwa wiki moja ya Januari baridi ilishuka moins huit, nyuzi nane chini ya sifuri. Jumatatu pampu ilikutwa imepasuka, na Hamissi akafukuzwa palepale mbele yetu. Faili la kuwaleta Naïma na watoto huku likarudishwa, maana serikali inataka mume mwenye mshahara. Sasa analala sebuleni kwa watu, juu ya duka la vitenge pale Chaussée de Wavre. Amekonda vibaya. Hamissi alimwambia mkewe tu kwamba alisahau kuikausha mashine, na Naïma anajua mumewe si mtu wa kusahau, ndiyo maana maneno ya kaka zake yamemwingia. Juzi nilimpelekea Hamissi wali, akanishukuru.

Dada, ni mimi. Ijumaa ile Hamissi alikuwa na rendez-vous, miadi kwenye ofisi ya komini, kwa ajili ya faili hilohilo, akaniachia ufunguo na kuniomba niikaushe mashine. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nami nilitaka kwenda nyumbani. Nikajiambia baridi dawa yake blanketi, kama kwetu. Nikaifunika blanketi mbili, nikazibana pande zote kama mtoto mwenye homa, nikaondoka nimeridhika. Sikujua kwamba blanketi haina joto lake, inamtunzia mtu joto la mwili wake tu, na chuma hakina. Ujinga huo Mungu angenisamehe. Lakini Jumatatu nilifika wa kwanza, nikaona ufa, nikazitoa zile blanketi nikazificha. Papa Éliézer alipouliza, Hamissi alinitazama, akangoja. Nikainamisha macho. Ndipo akasema ufunguo ni wake, donc kosa ni lake. Tumelelewa ua mmoja, hakuweza kunitaja.

Jana nimemwambia papa Éliézer yote. Akasema pampu nyingine imeshawekwa, mtu mwingine ameshaingia mahali pa Hamissi, nirudi kazini. Hata kunifukuza hakunifukuza.

Kwa hiyo nakuomba uende kwa Naïma leo, kabla hawajampeleka kwa sheikh. Msomee barua hii kaka zake wakiwepo. Najua mama atasikia, na Buyenzi nzima. Usiruke mstari hata mmoja, na ukifika chini, lisome jina kwa sauti.

Nisalimie mama, shemeji na watoto, kama watazipokea salamu zangu.

Mdogo wako,
Kadiri