Kofia ya Zambarau Jikoni

Jumatatu, 3 Februari

Mshauri wa shule kanipa daftari na kalamu. Kisa? Nilimwambia dereva kwamba mwalimu wa hesabu kaachwa na mumewe. Na kweli kaachwa! Mshauri akasema, dada, mambo ya hapa yanabaki hapa, ukibanwa na neno liandike. Haya. Nimebanwa. Naandika.

Mimi ni mpishi. Shule ni ya sekondari, watoto thelathini na mmoja, kila mmoja na lake kichwani. Huyu hofu, yule huzuni, mwingine ananawa mikono mpaka ngozi inatoka. Masomo ni yale yale ya shule zote, ila kengele imeondolewa na walimu hawapigi kelele. Watoto wananiita Redio. Sijui kwa nini.

Asubuhi kila mtu anatundika kadi mlangoni pa bwalo. Kijani — niko sawa. Njano — niendee polepole. Nyekundu — leo usiniulize kitu. Hata sisi wafanyakazi. Mimi kijani, mwaka wa sita huu. Hata siku niliyong'olewa jino nilikuwa kijani.

Jumanne, 4 Februari

Yule binti wa kofia ya zambarau kaja tena jikoni. Namwita Kofia. Yuko kidato cha nne lakini tangu likizo iishe hajaingia darasani. Kadi nyekundu kila siku. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tunamenya viazi kwa vile vimenyeo butu, maana visu navifungia kabatini. Yeye haongei. Naongea kwa niaba ya wote wawili. Nimemweleza saluni ya wifi yangu, goti langu, goti la wifi. Hajalalamika.

Nimesikia jambo ofisini. (Nilikuwa napita tu, na mlango ulikuwa wazi, na nikasimama.) Mkuu wa shule anasema Jumatatu ijayo ni mtihani wa majaribio. Kofia asipoufanya, mama yake anamtoa shule, akapumzike nyumbani. Mshauri akasema aufanyie popote, hata stoo, mradi aandike. Akapumzike! Nyumbani kuna nini? Pazia na televisheni.

Jumatano, 5 Februari

Viazi ndoo tatu. Kofia katundika NJANO!!

Kisha akaongea. Eti, Shangazi, tazama ganda langu. Ganda moja refu, kiazi kizima, halijakatika! Nikamwambia miaka yote hii jikoni mimi sijaweza. (Nimeweza. Mara nyingi.)

Akavua kofia. Jamani. Kichwa kina viraka vya upara. Nywele anazing'oa mwenyewe, mmoja mmoja, hofu ikimshika. Akasema, mama hajui, Shangazi, usimwambie mtu. Mimi? nikamwambia. Mimi nimwambie nani? Halafu nikasema, basi msusi wako atamaliza mapema.

Akacheka! Kicheko kina kutu kidogo, lakini kicheko.

Alhamisi, 6 Februari

Sikumwambia mtu. Nilipita tu kwa wifi asubuhi, nikamwuliza ni mafuta gani yanaotesha nywele za mtoto anayezing'oa. Hilo ni swali, si umbea. Wifi akauliza mtoto gani. Nikasema siwezi kumtaja, ni siri, ana kofia ya zambarau. Wifi kachanganya mafuta mazuri, kayatia kwenye chupa yangu ya siki. Nitaichukua kesho yakitulia.

Kofia njano tena. Kaniuliza goti la wifi linaendeleaje.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepeleka chai ofisini. Mama yake Kofia yupo. Mezani kuna chupa. Chupa yangu ya siki!

Anasimulia: jana mchana alikuwa anasukwa saluni, akalalamika kwamba binti yake havui kofia yake ya zambarau hata kulala. Msusi akamkabidhi chupa, mpe mtoto ajipake, zitaota. Mama akajiuliza, ziote nini? Jioni akamvua kofia kwa nguvu, akaona. Analia, mama wa watu. Anasema mtu baki kajua kichwa cha mwanangu kabla yangu. Hapa shuleni nani alijua?

Mkuu hakujua. Mshauri hakujua. Mshauri akanigeukia, dada, unajua lolote? Nikasema mimi ni wa viazi. Nikamwaga chai kwenye kisahani.

Kofia hakuja jikoni. Kadi zake zote tatu nimezikuta kwenye pipa la bwalo, zimechanwa.

Jumamosi, 8 Februari

Wifi kaja. Eti nilitaka kusaidia. Nikamwambia na mimi. Tukanywa chai. Hatukuwa na la kusema. Sisi wawili!

Jumapili, 9 Februari

Siri ya kwanza niliyotunza maishani ni yangu mwenyewe. Inakaa vibaya, kama mwiba wa samaki.

Jumatatu, 10 Februari

Nimetundika nyekundu. Watu wanapita, wanatazama kadi, wananitazama mimi, wanaendelea. Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana ya nyekundu. Sikujua inaumiza hivi.

Saa mbili gari la mama limesimama getini. Kofia kagoma kushuka. Mara kashuka, kapita madarasa yote, kaja moja kwa moja mlangoni kwangu. Mshauri nyuma yake, karatasi za mtihani kwapani.

"Shangazi, nani alimwambia mama?"

Nilikuwa na majibu kama matatu hivi. Mazuri.

"Mimi," nikasema. "Nilimwambia wifi, wifi akamwambia mama. Na Ijumaa nilidanganya pale ofisini."

 Mshauri atasema lake baadaye, najua, na pengine sitakuwa mpishi hapa wiki ijayo. Nikafungua mdomo nieleze habari za mafuta, kwamba ni mazuri kweli —

"Usiongee," akasema Kofia.

Basi siongei. Naandika. Saa tatu kasoro dakika kumi. Mtihani ni saa tatu. Kakaa kwenye ndoo yake, kofia mpaka kwenye nyusi. Kamenya kiazi kimoja, ganda limekatika mara nne. Mama kasimama dirishani nje, funguo za gari mkononi. Mshauri kaweka karatasi kwenye kona ya meza, mbali na maji, kaenda kusimama karibu na friji kana kwamba anaikagua.

Saa tatu kasoro mbili. Kofia kajifuta mikono kwenye sketi. Hatazami mtu. Kasogeza maganda pembeni.

Kaninyooshea mkono, kiganja juu. Anataka kalamu. Hajasema ya nini, na mimi nimekatazwa kuuliza. Ninayo hii hii tu