Nikifa, Nani Atanizima?

Tunduma,
11 Juni 2015

Kwa kaka yangu Ambilikile,

Bwana asifiwe, kaka. Naamini barua hii itakukuta umekaa vizuri hapo Makambako, mguu umeunyoosha kwenye stuli kama daktari alivyokuagiza, na siyo unarukaruka gereji kama kijana. Wifi hajambo? Watoto je? Mwambie wifi yale maharage ya njano aliyoyapenda nimemfungia debe zima, anayo huyuhuyu anayekuletea barua. Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kuuma na foleni ya malori ni ndefu, lakini malori yakikwama ndiyo mimi napika, kwa hiyo sina cha kulalamika. Madereva wanasema kutoka hapa mpaka Lusaka hakuna anayejua kupika ugali na nyama kama dada yako. Sikuwatuma mimi kusema.

Utashangaa kuona naandika wakati simu ipo. Kaka, simu siku hizi naiogopa. Nitakueleza sababu, ila nivumilie, maana barua yangu huwa haiendi moja kwa moja nyumbani, inapita kwanza kwa majirani. Mwandiko utausoma tu. Darasa la saba la enzi zetu si la sasa.

Ujumbe wako wa simu wa mwezi uliopita niliupata. Nimeona uliyoandika juu ya Zebedayo, karani wa chama cha kahawa: kwamba umemwandikia mwenyekiti, kwamba wamemsimamisha kazi, na kwamba Jumamosi ya tarehe ishirini unakwenda Kafule na mwanasheria kumwuliza mbele ya wanachama alimwekesha mama dole gumba kwenye karatasi gani siku zake za mwisho, kama si kumnyang'anya shamba la bondeni. Hilo ndilo limenikalisha chini niandike. Lakini nianze na Gwantwa, kwa sababu jambo limeanzia kwake. Au niseme kweli, limeanzia kwangu kwa ajili yake.

Mpwa wako unamjua. Alipokuwa bado anawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi pale stendi, wewe ulisema ile si kazi. Haya, sasa sikiliza. Kila likizo alikuwa anapanda Kafule kumrekodi bibi yake kwa simu: bibi akichambua maharage, bibi akimtukana jogoo, bibi akieleza alivyowakataa wachumba watatu kabla ya baba yetu, mmoja kwa sababu alitafuna kwa sauti. Akaziweka Yutubu, chaneli akaiita Bibi wa Kafule. Kaka, ilienea kama moto wa nyasi. Wandali wenzetu waliohamia Malawi, walioko Afrika Kusini, hata mmoja yuko Uingereza anaosha wazee, wote wakamwangalia mama. Mchungaji alimtaja Gwantwa kanisani. Afisa mmoja pale mpakani, mtu ambaye hajawahi kunijibu salamu, alinisimamisha akaniuliza kama kweli mimi ndiye mama wa yule binti. Nilimjibu polepole ili na wenzake wasikie.

Unaikumbuka salamu ya mama kila video ilipoanza? Alikuwa anaisogelea simu mpaka pua inajaa, halafu anasema: Mmeamkaje? Aliyelala njaa asinidanganye kwamba hajambo. Shika maneno hayo.

Mwezi wa kwanza akaja mtu kutoka Dar es Salaam, jina lake Raphaeli, viatu vimechongoka. Alisema kampuni yao inakusanya chaneli ndogondogo kama za Gwantwa na kuzilea chini ya mwavuli mmoja, wenyewe wanaita netiweki. Wangempa kamera, wangempa muziki usioleta kesi, wangemtafutia matangazo makubwa ambayo mtu mmoja kutoka Tunduma hawezi hata kuyabishia hodi. Wao wangechukua fungu lao, na video zote zilizopo na zijazo zingekuwa mikononi mwao miaka mitano. Gwantwa hakufurahi kama nilivyotegemea. Akaniambia habari za Lwitiko, kijana wa Vwawa anayeigiza vichekesho, aliyejiunga mwaka juzi. Kamera alipewa, kweli, lakini alipotaka kutoka aliambiwa atoke yeye, chaneli ibaki. Akaanza upya kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Gwantwa akasema mdogo akipanda mgongo wa mkubwa anaona mbali, lakini hachagui njia.

Mimi nikamwambia Lwitiko ni mvivu, na ukoo wao wote naujua. Nikamwambia mtoto wa Sekela haogopi karatasi. Kaka, nilikuwa nimeshawaambia wanawake wote wa sokoni kwamba mwanangu amechukuliwa na kampuni ya Dar. Ungenisikia. Nilikuwa naposa mahali ambapo hata mahari haijatajwa.

Gwantwa mwisho akakubali, ila kwa sharti. Kampuni ilitaka kila anayeonekana kwenye video atie sahihi karatasi ya ridhaa, na yeye akasema bibi akikataa, basi, hakuna kujiunga. Ndipo mwezi wa tatu nikapanda Kafule na karatasi ndani ya Biblia. Mama alikuwa amelala kwa kifua, wewe mwenyewe ulipigiwa simu. Jumapili nilimsomea yote, neno kwa neno. Akasikiliza amefumba macho. Kisha akasema hapana. Alisema sasa hivi mjukuu wake akimchoka anamzima, na yeye akimchoka mjukuu anamwambia azime. Lakini hao wa Dar hawajui hata kuni anakatia wapi. Akaniuliza: nikifa, nani atanizima? Nikacheka. Nikamwambia mama, utakuwa unaishi siku zote. Akanitazama kama alivyokuwa akitutazama tulipoiba karanga za mbegu, akageukia ukutani.

Jumatano alfajiri akatutoka. Hayo unayajua. Usilolijua ni yaliyofuata baada ya kukusindikiza stendi.

Kampuni ilipata karatasi yake Ijumaa, siku ya mwisho waliyoipanga, ikiwa na dole gumba la mama. Nilimwambia Gwantwa kwamba bibi alikubali saa zake za mwisho. Wakamchukua mwanangu. Na wale watu wana mikasi, kaka. Wanachukua mzaha wa mwaka juzi wanaukata, wanauunganisha na wa juzi, wanatoa kitu kipya. Siku ya Pasaka mama alitoka akicheka, amevaa kile kilemba chekundu tulichomzika nacho. Watu wakaandika chini yake: bibi, Mungu akuzidishie maisha marefu.

Mimi nafungua banda kabla jua halijachomoza. Madereva wanalala kwenye malori yao, na wengi wameiweka ile salamu kuwa kengele ya kuwaamsha. Lori moja linaanza, kule mbele: mmeamkaje? Linaitikia la pili, la tano, la kumi, sauti ya mama inatembea kwenye foleni kutoka lori hadi lori ikija upande wangu: aliyelala njaa asinidanganye. Naanguka na sufuria. Dereva mmoja wa Zambia alinionyesha simu akicheka, akaniita mayo, yaani mama, kama wanavyoita wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, akasema huyu bibi mmefanana macho. Nikamwambia simjui. Mama yangu mzazi, kaka, nikasema simjui. Sikumtoza ule ugali.

Gwantwa naye alichoka. Aliwaandikia kuomba wamwondoe bibi yake, angalau mpaka mwaka upite, tumalize matanga. Wakamjibu kwa upole kwamba mhusika mwenyewe aliridhia, wakamtumia picha ya karatasi. Nilidhani atakasirika. Alilia, lakini kwa furaha. Alisema kumbe bibi alibadili nia kwa ajili yake, kumbe alimwachia baraka. Ile picha ameitia kwenye simu yake, akiwa na huzuni analiangalia lile dole gumba. Mimi nakaa pembeni nachambua mchele ambao hauna mawe.

Wiki iliyopita nilikuwa Mlowo kununua mchele, nikakutana na Zebedayo. Amekonda. Tangu asimamishwe anabeba magunia ya watu. Nilitaka kujifanya sikumwona, akanisalimia kwanza, akaniuliza hali ya mguu wako. Mguu wa mtu anayemshitaki. Halafu akasema kwa sauti ya chini: dada Sekela, kile kibati changu cha wino hukukirudisha. Akajitwisha gunia akaenda.

Kaka, ukae sasa kama umesimama.

Siku ya kuaga ulimshika mama mkono, ukaona dole gumba lake lina wino wa zambarau, ukauliza mbele ya watu wino huu ni wa nini. Mjinga mmoja akasema bibi amewahi kupiga kura kabla ya wenzake, watu wakacheka kidogo. Mimi nikajibu harakaharaka kwamba aliweka dole kwenye daftari la kahawa. Ndiyo neno uliloondoka nalo, na ndilo limemtoa Zebedayo ofisini. Ni uongo. Jumanne niliazima kibati cha wino kwa Zebedayo, nikimwambia mama ana karatasi ya kuweka dole. Nilitaka kumbembeleza tena asubuhi. Asubuhi ilipofika alikuwa ameshakata roho. Wanawake walikwenda kuchota maji ya kumwosha, nikabaki naye peke yangu, kumeshakucha, jogoo wake analia mlangoni. Nikatoa karatasi kwenye Biblia. Nilimshika mkono, ulikuwa bado na uvuguvugu. Nikambonyeza dole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na chini yake nikaandika jina langu kwamba nimeshuhudia.

Alama ilitoka safi. Unakumbuka alivyokuwa akiweka dole kwenye daftari, linapaka kama kiatu cha matope? Hii ilionyesha kila mstari, kwa sababu mkono haukutetemeka.

Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikasugua kwa limao. Haukutoka. Mama yetu kaenda kuzikwa na uongo wangu kidoleni, na Zebedayo anajua siku nyingi, na amenyamaza asiniaibishe.

Basi kaka, usije na mwanasheria. Kama umeshamlipa, mlete anishitaki mimi. Tarehe ishirini nitasimama mimi mbele ya wanachama, wanisikie kama walivyozoea kunisikia nikijisifu. Na hao wa Dar nimewaandikia barua kwamba aliyeweka dole hakuwa hai na aliyeshuhudia ndiye aliyemwekesha. Inasubiri kupelekwa posta. Wakiisoma wataondoa video, wataiondoa na chaneli, na jina la mwanangu. Siku watakapomzima mama, mimi ndipo nitakapofiwa. Siku ile ya mazishi sikulia, nilikuwa nahesabu kama Ijumaa nitawahi basi.

Anayekuletea barua hii ni Gwantwa. Sijaigundisha bahasha. Nimemwambia basi likishapita Mlowo aisome yote, na ile ya Dar iko humohumo ndani. Kuipeleka posta au kuichana ni juu yake, kwa sababu bibi alikuwa wake kwenye ile simu kabla sijamgawa. Akifika kwako macho yamevimba, usimwulize kitu. Mpe chakula kwanza, na asikudanganye kwamba hajambo.

Nisalimie wifi, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, na mguu usiuchezee.

Najua kuandika, lakini pembeni ya jina nimeweka na dole gumba langu. Wino ni wa kibati kilekile. Leo mchana nakirudisha.

Dada yako,
Sekela