Kaa Chini Naye

9 Januari 2009

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima wewe na shemeji. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umebaki kituo cha basi. Mwanangu ameamkaje? Amekula? Giza analiogopa, ukimzimia taa mwachie mlango wazi kidogo. Najua hayo yote nilikwambia tukiwa tumesimama na mizigo, lakini mwenye jino bovu haachi kulishikashika.

Tumekubaliana akae kwako mpaka nipate chumba changu. Hapa shuleni sisi wafagiaji tunalala wanne chumba kimoja, na watoto wetu hawaruhusiwi. Ajabu ya Mungu, shule ya watoto! Nikipata chumba nakuja kumchukua siku hiyo hiyo.

Akilia usimpe peremende. Chukua kiazi, kikate katikati, pale peupe uchonge nyota au samaki, umbo litokeze. Achovye kwenye rangi ya maji, agonge kwenye karatasi. Rangi isiwe nyingi, itavuja. Atanyamaza. Hatukumwita Chiriku bure, mdomo haupumziki, lakini huzuni ikimfunga mdomo basi mikono ndiyo inaongea. Ni mtoto wa mikono huyo.

Mwandiko unisamehe, darasa la nne ndilo nililofika.

Dada yako.


2 Februari 2009

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, miguu tu imenivimba, hospitali wagonjwa ni wengi na mapokezi niko peke yangu.

Kiazi chako nimekijaribu. Nilimchongea nyota, nikamwekea mezani na karatasi, nikaenda zangu jikoni. Kurudi, nyota ziko ukutani kuanzia mlangoni mpaka kwenye swichi, naye yuko chini ya meza analia. Shemeji yako kuingia akauliza, "Hii ni nyumba au ni kitenge?" Na ile rangi haitoki.

Dada, mimi watoto siwajui. Kile kitanda kidogo nilichonunua zamani nikiwa na matumaini kilishakuwa cha kuwekea nguo za kupiga pasi. Sasa amelala mtu humo, ananitazama kama mwizi. Ananiita "wewe". Simlaumu. Lakini labda ungemtafutia pengine.

Mdogo wako.


15 Februari 2009

Mdogo wangu,

Natumaini miguu imepoa. Barua yako niliisoma nimekalia ndoo. Pengine ni wapi? Kwenye familia yetu tumebaki mimi na wewe.

Kosa si la kiazi. Ulimwekea, halafu ukaenda jikoni. Kaa chini naye. Sakafuni kabisa, vua saa na hizo pete. Yuko hapa mwalimu wa watoto wadogo, mimi nikipiga deki barazani namchungulia dirishani mpaka msimamizi anikoholee. Yule hasimami juu ya kichwa cha mtoto hata siku moja. Anakaa nao, na yeye anatengeneza cha kwake, kibaya kuliko vyao vyote, wanamcheka. Dawa ni hiyo. Tengeneza kibaya wakucheke.

Jaribu unga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo, kanda mpaka uache kunata vidoleni. Mfinyange wanyama, muwaanike, wakikauka muwapake rangi. Akikuonyesha donge akasema ni ng'ombe, usimuulize pembe ziko wapi. Muulize ng'ombe huyo anaitwaje.

Na akikuegemea begani usijisogeze. Akifanya kazi ya mikono anapenda kuegemea. Bega langu siku hizi ni jepesi mno, silipendi.

Nakuomba kwa titi tulilonyonya, usimtafutie pengine.

Dada yako.


19 Aprili 2009

Dada yangu,

Shikamoo, na kicheko juu yake! Sisi wazima kabisa.

Tumefinyanga ng'ombe zizi zima. Wangu alitoka hana shingo. Chiriku akamgeuza, akamwangalia, akasema, "Mama Mdogo, huyu wako amegongwa na lori." Akacheka mpaka akapaliwa. Dada, umesikia? Mama Mdogo! "Wewe" imekwisha.

Shemeji yako naye alikalia bakuli la gundi ya unga. Alipoinuka, kitambaa cha kochi kikainuka naye. "Nivueni hiki kiti!" Alifoka kidogo, halafu nikamwona amechuchumaa anatukatia karatasi. Anajua kukata duara bila kuchora, mwanamume huyu! Sikuwahi kujua.

Na ameniegemea. Mguu ulikufa ganzi, sikujisogeza.

Chiriku anakusalimia, anasema amekuwekea ng'ombe mwenye mimba. Tuma michezo mingine. Tuma mingi.

Mdogo wako.


3 Agosti 2009

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Huku mafua tu, na likizo yangu imekataliwa tena. Wanasema shule ikifungwa ndipo sakafu zinakwanguliwa. Basi nimekwangua.

Hii ni ya majani. Okoteni yenye mishipa iliyotokeza, mlaze jani kifudifudi, mgongo juu, karatasi nyembamba juu yake. Kalamu ya rangi muitoe ganda, muilaze, msugue kwa ubavu, si kwa ncha. Jani litajitokeza lenyewe. Na kile kigogo kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha, msikitupe. Bonyezeni juu pande mbili, masikio yametoka, huyo ni paka. Msifanye yote siku moja, mtoto akishiba mchezo anauvunja.

Picha ya nyumba aliyonichorea Chiriku nimeipata, nimeibandika juu ya kitanda. Wenzangu wote wameisifu isipokuwa mpishi, ambaye mdomo wake ni pilipili. Kauliza, "Hawa watatu ni kina nani?" Nikamwambia huyu mdogo wangu, huyu shemeji, huyu mwanangu. "Na wewe uko wapi?" Nikamwambia karatasi iliisha.

Karatasi za siku hizi ni fupi, sivyo? Mnunulie kubwa.

Dada yako.


22 Mei 2010

Dada,

Shikamoo. Usione kimya, mambo ni mengi. Wote wazima. Chiriku yuko darasa la pili, meno ya mbele yametoka.

Mwezi ujao usije kama ulivyosema. Ana mitihani. Na ile mara uliyokuja, ulipoondoka hakula vizuri wiki nzima, mwalimu wake akaniita. Tumwache atulie kwanza.

Michoro ipo mingi, nitakutumia nikipata bahasha kubwa.

Mdogo wako.


6 Novemba 2011

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Nauliza kwa hofu, maana nimeandika na kuandika, jibu lenyewe mstari mmoja, au hakuna. Ile bahasha kubwa naona bado iko kiwandani. Na mbona barua zako hazina tena "Chiriku anakusalimia"? Anaumwa mkaninyima? Niambie, nitahimili.

Sasa sikia. Nimepata chumba! Dirisha ni moja, lakini linafunguka, na mlango una kitasa cha kweli. Nimepaka rangi kuta tatu, wa nne nimeuacha mweupe, achore atakavyo, mwenye nyumba tumeshaelewana. Alinishangaa: "Mama, unanilipa kodi ili nichafuliwe ukuta?" Na mkuu wa shule amekubali nimlete, watoto wa wafanyakazi sasa wanaruhusiwa darasani. Mwanangu atasoma pale pale ninapopiga deki. Yule mwalimu wa dirishani nimemwambia, ameniambia, "Mlete huyo fundi."

Jumamosi ya tatu ya Desemba nakuja kumchukua. Mwambie taratibu, usimshtue. Ulichonifanyia sina cha kukulipa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini tulisema ni mpaka nipate chumba, na chumba kimepatikana.

Dada yako.


20 Novemba 2011

Dada,

Shikamoo. Hatuumwi. Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena.

Ananiita Mama.

Sikumfundisha. Tulikuwa na gundi mikononi, kasri la maboksi linataka kuanguka, ikamtoka: "Mama, nishikie hapa!" Nikashika. Ningesemaje? Mimi si mama yako, acha lianguke? Kesho yake akaita tena, na hakukuwa na gundi. Shuleni shemeji yako amemwandikisha kama mwanawe, kwa jina lake. Tulisema tutakwambia, kila siku tukasema kesho.

Najua umeshika kifua hapo ulipo. Lakini dada, kumbuka mimi mwezi wa kwanza tu nilitaka umtafutie pengine. Wewe ndiye uliyeniambia nikae chini. Nilikaa. Sasa kuinuka siwezi, na si kwamba nakataa, siwezi.

Muache. Njoo likizo zote, ulale kwetu, atakuita Mama Mkubwa. Watoto wangapi wana mama mkubwa anayewapenda hivyo?

Mdogo wako.


29 Novemba 2011

Wewe,

Salamu leo sina.

Nilikupa mtoto unishikie, kama mtu anavyomwomba mwenzake amshikie ndoo afunge kamba ya kiatu. Nimefunga, nimeinua kichwa, na wewe umeshakata kona.

Mama Mkubwa! Uchungu niupate mimi usiku kucha, halafu niitwe kama mgeni aliyekuja na zawadi! Hilo jina ni langu kwa watoto wako, kama Mungu angekupa. Si kwa wangu.

Samahani. Hilo la Mungu nimelikata lakini wino umepita, wacha ulisome.

Kila mchezo niliokutumia niliuiba dirishani na dekio mkononi, nikatukanwa kwa ajili yake. Nilidhani unamchekesha mwanangu kwa niaba yangu, unanitunzia nafasi. Kumbe nilikuwa nakufundisha kazi, na nafasi ya kazi yenyewe ilikuwa moja tu.

Jumamosi ya tatu nakuja. Mfungie begi.

Mama yake.


10 Desemba 2011

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo. Baba hajambo. Mama anasema hajambo.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Baba ndiye atakayepeleka posta. Mama analia akiwa jikoni, tukimuuliza anasema ni vitunguu, lakini jana tulikula mayai matupu.

Mimi najua wewe ndiye uliyenizaa. Sijasahau. Ulikuwa na harufu ya sabuni ya sakafu na ulikuwa unanibeba mgongoni hata nikiwa mkubwa. Lakini ukinichukua, Mama atabaki na nani? Wewe umeshazoea.

Usikasirike tafadhali. Shuleni walikuwa wananicheka, wanasema mtu hawezi kuwa na mama wawili, mmoja ni wa uongo. Nikisema mama na mama mkubwa hawacheki.

Je, unajua kutengeneza vikaragosi vya soksi, vile vya kuvaa mkononi vinaongea? Mama hajui. Anasema hivyo hukumfundisha. Kama unajua naomba unifundishe, tuna maonyesho darasa la nne likianza.

Mtoto wako,
Chiriku.


15 Januari 2012

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo. Mwandiko wako umenipita mbali, herufi zimesimama kama askari, nimewaonyesha wenzangu wote. Hata mpishi kanyamaza.

Ile Jumamosi sikuja kwa sababu kazi zilinizidi. Mwambie baba yako barua niliipata, na usiulizwe tena habari ya begi, nguo zirudishwe kabatini.

Haya, vikaragosi. Navijua, nimeviona wiki iliyopita. Chukua soksi kuukuu iliyofuliwa, ya baba yako itafaa, ni ndefu. Ingiza mkono mpaka mwisho. Dole gumba liende kwenye kisigino, hilo ndilo taya la chini. Vidole vinne viende kwenye ncha, hilo ndilo taya la juu. Ukifumba na kufumbua ngumi, huo ni mdomo.

Macho ni vifungo. Usikimbilie kushona. Kwanza weka alama kwa chaki, kichezeshe, ukitazame, kama macho yamekaa vibaya kitaonekana kimenuna, futa uweke tena. Ulimi ni kitambaa chekundu, gundi inatosha. Nywele ni uzi wa sufu, funga fungu moja katikati, zikae ovyo, usizipange, zikipangwa kinakuwa kama mwalimu.

Sindano usiishike peke yako. Mwite mama yako akushonee vifungo. Aweke kipande cha boksi ndani ya soksi kabla ya kushona, asije akashona pande zote mbili mdomo ukaziba, watu wazima wengi wanakosea hapo. Mwambie pia apitishe uzi mara mbili. Mama yako ana mkono mzuri, tangu mdogo, ataweza.

Vikianza kuongea, niandikie vimesema nini.

Ni mimi,
Mama Mkubwa.