Kuluthumu na Nyati wa Ngorongoro

Karatu,
9 Agosti 1978

Kaka Inosenti,

Shikamoo. Tumemaliza matembezi ya siku tatu, Ngorongoro hadi Mbulumbulu, kuchangia zahanati. Rafiki yangu Kuluthumu alikuja na viatu vya raizoni, vile vya soli nene na kisigino kirefu. Nilipomwambia avue, akajibu, "Leonida, unataka mgeni rasmi anione mfupi?" Siku ya pili nyati akatoka kichakani. Kuluthumu alivitupa viatu, akawapita wanaume wote, hata mwenyekiti aliyekuwa wa kwanza kukimbia! Watu walicheka hadi wakaongeza michango.

Mama alitupokea kwa uji. Kutoka jikoni hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Amenikataza kukuandikia. Njoo, kaka, na ukifika useme umekuja kusalimia tu.

Mdogo wako akupendaye,
Leonida